Mama Alisema Anasubila

Nyumbani kwetu tulikuwa na lugha tatu na zote kwa pamoja hazikutosha. Baba alikuwa Mhehe, mama Mnyakyusa wa Rungwe, na mimi na mdogo wangu tulikiokota Kiswahili shuleni tukakileta jikoni. Jambo la njaa au la baridi lilisemeka kwa lugha yoyote. Jambo la moyoni ndilo lilikuwa kazi. Ulianza na lugha moja ukakwama, ukaazima ya pili, na mwisho mliishia kupitishiana chumvi.

Nayakumbuka haya kila Majilio yanapofika, zile Jumapili nne kabla ya Krismasi, kwa sababu nimechoka na mahubiri ya tumaini. Anasimama kijana mwenye suti iliyonyooka, anatuambia tuwe na tumaini, na sauti yake ni ya mtu aliyekula akashiba. Simpingi. Nakaa benchi la nyuma na kanga yangu magotini na ninaitikia amina na wenzangu. Lakini mimi tumaini nilifundishwa na mwanamke aliyeamka amechoka na kulala amechoka, na neno alilolitumia watu walilisikia vibaya kwa miaka.

Baba alikwenda kujenga reli. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, na wanaume wengi wa milima yetu, kule juu ya Mafinga, walishuka kwenda kwenye kazi hiyo. Yeye alikuwa mtu wa kutoka. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya chai Rungwe, na huko ndiko alikompata mama, akamleta kwenye baridi ya kwao pamoja na sanduku moja la bati. Siku aliyoondoka kulikuwa na sakitu kwenye majani, na alikuwa amevaa koti la kaka yake mkubwa. Alisema atarudi mahindi yakikauka. Kweli alirudi, na blanketi na sukari. Mwaka uliofuata alirudi tena, na redio isiyo na betri. Kisha hakurudi.

Reli ilipokwisha wanaume walipanda mlima mmoja mmoja, weusi kwa jua la bondeni, na kila aliyefika tulimkimbilia. Mmoja wao alileta kipande cha chuma cha reli, kifupi kama mkono, akakitoa kanisani. Kikatundikwa kwenye mti kiwe kengele yetu. Basi baba alikwenda kwenye reli, na kilichorudi ni kipande cha reli. Kila Jumapili asubuhi kiligongwa, na mdogo wangu, ambaye hata sura ya baba hakuikumbuka vizuri, alikuwa akiniambia, "Baba anaita."

Baadaye zikaja habari. Mnunuzi wa mpunga aliyepita kijijini alisema amemwona baba Ubaruku, kule bonde la Usangu, anafanya kazi za majaruba ya mpunga. Ana baiskeli, alisema. Kisha akaongeza kwamba ana na mji. Kuwa na mji kwa maneno ya wakubwa ni kuwa na mke. Mama alikuwa anamenya viazi. Alimaliza kiazi alichokishika, akachukua kingine.

Bibi yetu, mama yake baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja, alimwambia yule mtu kwamba macho yake ni mabovu na Ubaruku kuna watu wengi warefu.

Sasa hapo ndipo wazee wa ukoo walipoona jambo hili liwekwe sawa. Baba mkubwa, yule mwenye koti, aliyezaliwa na mke mwingine wa babu, alikuwa ndiye kichwa cha ukoo na pia mzee wa kanisa, kwa hiyo kikao kilikuwa cha ukoo na cha kanisa kwa wakati mmoja. Alikuwepo mwinjilisti wetu, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyekuwa akitembea kwa miguu vijiji vyote vya ng'ambo bila kulalamika. Walimkalisha mama kwenye kigoda. Sisi watoto tulikuwa ndani jikoni, na ukuta wa matete hauzuii neno.

Kihehe mama alikielewa chote lakini alikisema kidogo, nadhani kwa ukaidi. Wakamuuliza kwa Kiswahili. Baba mkubwa alisema, "Mke wa ndugu yangu, miaka inakwenda. Tunataka tusikie kwa mdomo wako mwenyewe. Moyo wako ukoje?"

Mama akasema, "Mimi nasubila tu."

Nilisikia pumzi zikitoka. Mwinjilisti alisema, "Bwana asifiwe." Baba mkubwa alipiga makofi mawili taratibu, kama wanavyofanya wazee wakiridhika, na bibi akaanza kulia. Walimshukuru mama. Walimpa kuku. Kwao, alikuwa amesema anasubiri, yaani anamngoja mumewe. Wanyakyusa hawana r, kila mtu huku analijua hilo na analichekea. Ukimsikia Mnyakyusa anasema "nasubila", wewe Mhehe unamrekebishia kichwani mwako, unaweka r yako, unamaliza mwisho wa neno kwa hisani, unaendelea na safari.

Tangu siku hiyo mama akawa mfano. Jumapili za Majilio zilipofika, mwinjilisti alihubiri juu ya kanisa linalomngoja Bwana arusi, na kila mwaka, alipofika katikati, kidole chake kilielekea upande wa wanawake. "Tunaye hapa dada yetu," alikuwa akisema. "Mume yuko mbali. Yeye ameahidi kusubiri. Subira yavuta heri!" Watu waligeuka kumtazama mama. Naye alikuwa akiinamisha uso, na nakuambia kweli, alikuwa akifurahi. Alisikia nasi tulichosikia, lakini alielewa lake. Alidhani mwinjilisti analitamka neno la Kinyakyusa kwa ulimi wa Kihehe, na akamwona mtu mwema kwa kulijaribu.

Heshima hiyo haikuchota maji. Serikali ilipoamuru watu wakusanywe vijijini, tulihamishwa kutoka kwenye kilima chetu kwenda kando ya barabara, nyumba zikapangwa mistari, na mama alijenga upya na bibi kizee na watoto wawili. Mimi shida yangu ilikuwa moja tu, kwamba baba akija atakwenda kwenye nyumba ya zamani atakuta magugu. Niliomba Mungu ampitishe barabarani. Mama nilimwona akikanyaga udongo wa ukuta mpaka magoti hayaonekani, na jioni alikaa mlangoni miguu ameinyoosha. Wanawake waliopita walimwambia, "Mvumilivu hula mbivu." Aliitikia. Wakishapita alikuwa akisema, "Mbivu zenyewe wanakula wengine, huko Ubaluku." Hilo lilikuwa ndilo utani wake pekee juu ya baba, na alilirudia mpaka likaisha chumvi.

Kisha dereva wa lori la mbao alileta salamu kutoka Rungwe. Mama yake mama anaumwa. Miguu imevimba, haendi shambani tena, na anamtaja binti yake kila siku. Mama alikuwa hajamwona mama yake tangu alipopanda gari na lile sanduku la bati. Alifunga kitambaa kichwani jioni ile ile akaenda nami kwa baba mkubwa kuomba ruhusa ya kwenda kwao na watoto wake.

Baba mkubwa hakukataa kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali labda mama angejua la kufanya. Alimwambia kwa upole mkubwa kwamba yeye anajulikana na kanisa zima, hata vijiji vya ng'ambo wanamtaja, kwa hiyo akiondoka itakuwaje? "Wewe ulisema mbele yetu unasubiri," alisema. "Anayesubiri haondoki. Na watoto ni wa ukoo. Ukienda, wataachwa hapa na bibi yao, baba yao akija awakute."

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa darasa la sita wakati huo, najiona mjuzi wa Kiswahili kuliko redio. Mama aliwasha moto, akaweka sufuria, akakaa. Kisha akaniuliza.

"Hivi wewe, kusubili ni nini?"

"Kusubiri?" Nilimsahihisha r, kama kawaida yangu. "Ni kungoja, mama."

"Kungoja?"

"Ndiyo."

"Kungoja hii ya kungoja basi?"

"Hiyo hiyo. Kusubiri basi, kungoja basi, ni kitu kimoja."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayolala miaka yote ni ya jirani. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka mdogo wangu akaja kuona kuna nini, naye akacheka bila kujua sababu. Kisha mama aliacha kucheka ghafla, akafuta macho kwa ncha ya kanga, na akasema kwa Kinyakyusa kitu ambacho sikukipata chote, ila kilikuwa juu ya kuku. Nadhani alisema walimlipa kuku kwa neno ambalo hakulisema.

Ndipo akanieleza. Kwao kungoja kuna neno lake jingine kabisa. Kusubila si kungoja. Kusubila ndilo neno lililomo kwenye vitabu vya kanisa la kwao, pale sisi kwa Kiswahili tunaposoma kutumaini. Siku ile wazee walipomuuliza moyo wake ukoje, hakumfikiria baba hata kidogo. Alifikiria moyo wake, kwa kuwa ndio uliulizwa. Akasema ana tumaini tu. Kwa Mungu. Na kwamba hana kingine.

"Na baba?" nilimuuliza. "Humngoji baba?"

Alichochea moto. "Baba yenu nilimngoja," alisema. "Nikachoka."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia kuliko siku ile ya mnunuzi wa mpunga. Mtoto anaweza kuvumilia baba asirudi, mradi kuna mtu mzima nyumbani anayetazama barabara pamoja naye. Kumbe miaka yote nilikuwa naitazama peke yangu.

Majilio yakafika. Mvua zilikuwa zimechelewa na kanisa lilikuwa na vumbi. Mwinjilisti alihubiri kama ilivyo desturi, akafika katikati, kidole kikanyooka upande wetu. Mama hakuinamisha uso. Alingoja mpaka wakati wa matangazo, akanyoosha mkono, na mwinjilisti akampa ruhusa kwa tabasamu, akidhani anataka kutoa shukrani.

Mama alisimama. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi la mbele.

"Bwana asifiwe. Mwinjilisti, miaka yote hii unasema mimi nasubili. Sasa nimeuliza kwa mtoto wangu anayesoma, kumbe kusubili ni kungoja. Mimi sikusema nangoja. Samahani sana. Nilisema nasubila. Kwetu kusubila siyo kungoja mtu." Alitafuta maneno, na hakuna aliyemsaidia. "Ni kama sasa hivi, mvua hakuna na sisi tumepanda. Mbegu iko chini. Hatujaketi shambani tunangoja, tuko hapa, kesho tunaenda kwenye kuni. Lakini tumepanda. Ndiyo hiyo. Mume wangu simngoji. Nilichoka tangu leli imekwisha. Mungu ndiye namsubila. Na mama yangu anaumwa, nataka kwenda kumwona, na watoto wangu. Asante."

Akakaa. Mtoto mmoja alilia nyuma. Mtu fulani upande wa wanawake alisonya, na hadi leo namfahamu ni nani. Mwinjilisti alivua miwani yake yenye uzi, akaivaa tena, akasema, "Tuombe." Mhubiri akikwama huomba, na silaumu, ni afadhali kuliko kuendelea kusema.

Nilifikiri balaa litatoka kwa baba mkubwa. Halikutoka huko. Alikwenda kwake akiwa amekunja uso, basi. Balaa lilikuwa ndani ya nyumba yetu. Bibi aliacha kuongea. Alikula, alilala, alifagia sehemu yake, lakini neno hakutoa kwa mtu yeyote. Mama naye alikuwa amechoka mno kumbembeleza. Wale wanawake wawili walipishana mlangoni siku hizo kama watu waliofiwa na watu tofauti.

Mpaka mchana mmoja tulipokuwa tunapukuchua mahindi, sote wanne, mikono inauma, na bibi akasema bila kuinua kichwa, "Wewe ukiondoka, mwanangu atangojwa na nani?"

"Si wewe upo, mama," mama alijibu.

"Mimi peke yangu sitoshi."

Mahindi yaliendelea kuanguka kwenye ungo. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa. Kumbe kungoja kwa bibi kote kulikuwa kumeegemea kungoja kwa mama. Maadamu mke wake yupo na amesema mbele ya wazee kwamba anamngoja, basi mtoto wa bibi alikuwa mtu mwenye safari, si mtu aliyetupa nyumba yake. Mama alipolirudisha neno lake kanisani, alimwondolea bibi gogo aliloegemea. Na hakukusudia. Mama alitaka tu kumwona mama yake.

"Mama," mama alisema, "ningeweza kukuazima kungoja kwangu ningekuachia. Kumeisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeumia."

Bibi alisugua gunzi lililokwisha punje, akalisugua tena. Kisha akasema, "Nenda kamwone. Hata mimi ni mama."

"Na watoto?"

"Nenda nao. Ukiwaacha hapa nitawaangalia nikimwona yeye tu." Akatikisa ungo. "Waniletee ndizi."

Baba mkubwa alitaka kusema juu ya ukoo. Bibi alimwambia kwa Kihehe maneno mafupi ambayo siwezi kuyaandika, na yeye, mzee wa kanisa mwenye umri wa kuogopwa, akaondoka kama mwanafunzi. Asubuhi ya safari bibi alitusindikiza mpaka lami. Alitufungia maharage kwenye kitambaa. Basi lilipokuja hakupunga mkono. Alisimama anautazama upande wa Mbeya, ambao ndio upande wa Ubaruku pia, na sikujua alikuwa anatuaga sisi au anamtafuta yeye.

Nilikaa dirishani. Nilikuwa nimeuliza watu na nilijua kwamba tukishashuka kutoka Makambako tutaingia bondeni, joto litaanza, na karibu na Rujewa kutakuwa na njia panda ya kwenda Ubaruku. Nilijiambia sitalala. Nilipanga hata nitakachofanya: nikimwona mtu mrefu mwenye baiskeli nitapiga kelele basi lisimame. Nilivua sweta. Niliona ng'ombe wengi wa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, na vumbi lao, na wanaume warefu wengi kuliko nilivyotarajia. Bibi alikuwa amesema kweli.

Kondakta alipaza sauti, "Ubaruku! Wa Ubaruku washuke hapa!" Watu walishuka. Nilimgeukia mama.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea nguzo ya kiti, mdomo wazi, mdogo wangu amemlalia pajani, na mate kidogo pembeni ya mdomo. Uso ambao miaka yote ulionyeshwa kwa kidole kanisani kama uso wa mwanamke anayekesha, ulikuwa umelala fofofo kwenye njia panda yenyewe. Nilitaka kumwamsha. Nilinyoosha mkono. Halafu nikaona visigino vyake, vimepasuka, vimejaa ule udongo mwekundu wa kwetu ambao hautoki hata kwa jiwe, na nikaurudisha mkono. Basi likaondoka. Niliitazama ile njia mpaka ikaisha, peke yangu kama kawaida.

Tulipokaribia Mbeya aliamka, akafuta mdomo. "Tumeshapita?" aliuliza.

"Tumepita."

"Haya," alisema, akaanza kumvalisha mdogo wangu sweta.

Bibi wa Rungwe tulimkuta hai. Nalisema hili kwa sababu najua mahubiri yalivyo, na mhubiri angependa akutwe hai, apone, acheze. Hakupona. Alimpapasa mama uso, akamwambia amekonda, akamwambia kwamba huko kwenye baridi hawajui kulisha watu. Alikaa nasi hadi masika, akafa asubuhi moja mama akiwa anampa uji. Mama alimaliza kumfuta kidevu kabla hajaita watu.

Hatukurudi kwetu Iringa. Mama alipata chumba karibu na Mwanjelwa, mjini Mbeya, akawa anauza ndizi na viazi, chini, juu ya gunia. Nilikuwa naye baada ya masomo. Nilimtazama sana siku hizo, maana nilikuwa nataka kuliona hilo tumaini. Nilidhani sasa, akishawekwa huru, litamtokea usoni. Sikuona kitu. Niliona mwanamke anayepanga ndizi, anafukuza nzi, anapanga tena. Mvua ya Mbeya ikija alifunika ndizi kwanza, kisha sisi, kisha yeye. Jumapili aliimba kwa sauti nyembamba. Nilimuuliza mara moja kama bado anasubila. Alisema, "Sasa unafikiri naamka kwa nini?" Hakuwa anatania, alikuwa ananikasirikia.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sabini habari zilitufikia kwamba bibi wa Iringa amefariki. Mama alifunga gunia lake akanunua mkungu mzima wa ndizi, kwa sababu bibi aliziomba na hatukuwahi kuzipeleka za kutosha. Tulifika siku ya maziko. Baba mkubwa alikuwa amezeeka. Alimshika mama mikono miwili, akamsalimu kwa Kihehe, "Kamwene," na machozi yakamtoka. Mtoto wa marehemu, baba yetu, hakuwepo. Watu walikuwa wametumwa Ubaruku, lakini ni mbali na mwili haungoji. Udongo wa kwanza, ambao ungekuwa wa baba, mama ndiye aliyeutupa.

Kwetu kule ilikuwa desturi kuandika kwenye msalaba wa mbao kwamba marehemu anasubiri ufufuo. Fundi alikuwa na kopo la rangi nyeusi tayari. Mwinjilisti, ambaye uzi wa miwani ulikuwa umegeuka waya, alimwita mama mbele ya watu. "Dada, wewe ulitusahihisha," alisema. "Neno hili lilinisumbua miaka. Sema wewe tuandike nini."

Mama alisema, "Andikeni, anasubila."

Fundi alikuwa Mbena, mtu makini. Alisikia Mnyakyusa anatamka vibaya, akataka kumwekea heshima. Mwisho wa neno aliunyoosha, katikati akaogopa kugusa kwa sababu mama alikuwa amesimama pale. Alipoondoka tukasoma. Aliandika ANASUBILI UFUFUO. Haikuwa Kiswahili na haikuwa Kinyakyusa. Nilitaka kumwita arudi. Mama alinizuia, na nikadhani amechoka tu.

Baba alikuja siku ya pili ya matanga. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na begani amebeba gunia la mchele. Alikuwa mfupi. Miaka yote nilikuwa natafuta mtu mrefu. Watu walimpisha njia. Alitua gunia kando ya kaburi, akavua kofia, akasimama. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyahifadhi kwa ajili yake, ya lugha zote tatu, na hakuna hata moja lililokuja.

Alisoma msalaba. Alisoma kwa sauti, taratibu, kwa kidole. Kisha akageuka, macho yamejaa, akatafuta la kusema, na hili ndilo alilolipata:

"Hapa wamekosea. Ni anasubiri."

Mama alikuwa karibu naye. Alilitazama lile neno, akamtazama yeye, bila hasira, kama unavyomtazama mgeni aliyechelewa chakula.

"Wamekosea," alisema. "Lakini liache hivyo hivyo. Mama yako alifanya yote mawili."

"Yapi mawili?" baba aliuliza.

Mama alikuwa ameshajitwika ndoo, anakwenda kuteka maji ya kupikia ule mchele.